CD za The Witcher 3 na Cyberpunk Nairobi: ipi ununue, ipi uiache

Wasomaji wangu wananiandikia lalamiko lile lile: mtu amenunua CD ya mtumba ya PS5 katikati ya jiji, amefika nyumbani, gemu inafunguka vizuri, ila nyongeza (sehemu ya ziada ya hadithi) iliyoandikwa kwenye boksi haipo. CD haina kasoro. Kilichokwisha ni msimbo wa kupakulia nyongeza hiyo, ulio kwenye karatasi ndani ya boksi.

Kila mnunuzi huigeuza CD kwenye mwanga akitafuta mikwaruzo, na hakuna anayeuliza kuhusu karatasi hiyo. Msimbo hutumika mara moja tu. Mwenye gemu wa kwanza akishauingiza kwenye akaunti yake, wewe hupati chochote, na kwa macho huwezi kujua.

Napanga gemu za CD Projekt pekee, kampuni ya Poland inayotengeneza The Witcher na Cyberpunk, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Marcin Iwiński na Michał Kiciński waliianzisha Warsaw mwaka 1994 wakiuza CD za gemu kutoka nje, katika soko lililojaa nakala haramu za bei ya kutupa. Walipoleta Baldur's Gate mwaka 1999, waliitafsiri yote kwa Kipolandi, sauti za waigizaji zikiwemo, wakaweka ramani na CD ya muziki ndani ya boksi. Mnunuzi akaona sababu ya kulipia halali. Studio yao ya kutengeneza gemu ilikuja 2002, na The Witcher ya kwanza ikatoka 2007. Watu hawa wanajua boksi ni ahadi.

Namba moja ni The Witcher 3 toleo la Game of the Year la 2016 kwa PS4, au Complete Edition ya PS5 ya 2023. Nyongeza zake mbili, Hearts of Stone na Blood and Wine, zimo kwenye CD yenyewe. Hata ikishapitia mikono ya watu watano, wewe wa sita unapata gemu nzima.

Namba mbili: Cyberpunk 2077 Ultimate Edition ya 2023. Ukiwa na Xbox Series X, chukua hata ya mtumba, kwani nyongeza yake, Phantom Liberty, imo kwenye CD. Ya PS5 ina msimbo, kwa hivyo inunue ikiwa mpya, haijafunguliwa.

Cyberpunk ya PS4 iache. Ilitoka Desemba 2020 ikiwa mbovu hadi Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, ikarudi Juni 2021. CD za mwanzo zina ubovu ule ule. Kuzirekebisha utapakua mafaili makubwa kwa data yako mwenyewe, na Phantom Liberty haikutengenezewa PS4 kabisa.

The Witcher 3 ya 2015, bila nyongeza, ni ya bei nafuu na inatosha kuonja.

Kinachoniudhi ni bei. Boksi ambalo msimbo wake umetumika linauzwa karibu sawa na jipya, na ukirudi kulalamika unaonyeshwa kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Muuzaji anajua alichonunua kwa mwenye gemu wa kwanza, na alikipunguzia bei kwa sababu hiyo hiyo. Kabla hujatuma M-Pesa, mwambie aandike kwenye risiti kwamba msimbo haujatumika. Akikataa kuandika, ameshakujibu; nenda duka la pili.