Upasuaji mzuri, ufuatiliaji hafifu: kliniki ya macho niliyompeleka Mama

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, aliondolewa mtoto wa jicho katika kliniki binafsi hapa Dar es Salaam, jicho la kulia kwanza, na la kushoto miezi mitatu baadaye. Kliniki yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa ninachotaka ni kwamba anayempeleka mzazi wake kwa huduma kama hii ajue cha kuuliza kabla ya kulipa.

Jicho la kulia halikutupa wasiwasi wowote. Lenzi iliyopata ukungu ilivunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti, ikanyonywa kupitia tundu dogo na kuwekewa lenzi ya bandia mahali pake, na kazi nzima haikufika nusu saa. Bandeji ilipofunguliwa asubuhi yake, Mama alimtazama muuguzi akasema, "Kumbe umevaa hereni, mwanangu!" Kwa usafi, kwa upole wa wauguzi na kwa jinsi walivyotufundisha kuweka matone, sina la kulalamika.

Jicho la kushoto lilikuwa na kazi nzito. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa na kuwa mgumu, na wakati wa upasuaji kifuko chembamba kinachoishikilia lenzi kilichanika upande wa nyuma, ute unaojaza jicho ukasogea mbele, ikabidi daktari aukate na kuuondoa kabla ya kuweka lenzi mpya. Hilo siliiti kosa. Humpata hata daktari mzoefu, naye alitueleza mwenyewe siku hiyohiyo, jambo ninalomheshimu nalo mpaka leo. Kasoro ilikuwa katika yaliyofuata. Mama alipewa ratiba ileile ya jicho la kulia, yaani siku ya kwanza, wiki ya kwanza, kisha kupimwa miwani baada ya wiki 6, wala hakuna aliyetuambia kwamba kifuko kikichanika, uwezekano wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuvimba au kubanduka huongezeka.

Katika wiki ya tano Mama alikuwa amekaa ukumbini, akafumba jicho la kulia, akaniambia kuwa mistari ya mkeka imepinda katikati. Nilipopiga simu kliniki nilijibiwa tusubiri tarehe ya miwani. Sikusubiri. Nilimpeleka kwa daktari wa retina kwingine, ambako walimpiga picha ya matabaka ya retina kwa mwanga, kipimo kisichouma na kisichochukua hata dakika tano. Kwenye skrini tuliona vishimo vyeusi vilivyojaa maji katikati kabisa ya retina, mahali tunapotegemea kusomea. Unene ulikuwa maikroni 480 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali jicho la kulia lilisoma 270. Daktari alituambia kuwa hata baada ya upasuaji usio na tatizo retina inaweza kunenepa kidogo bila mgonjwa kuhisi lolote, lakini uvimbe wa namna hii, ambao daktari wa macho aitwaye Irvine aliueleza tangu mwaka 1953, mara nyingi hujitokeza kati ya wiki ya 4 na ya 6, yaani wakati ambao sisi tulikuwa tumeambiwa tukae nyumbani.

Mama alitumia matone ya steroidi pamoja na matone mengine ya kupunguza uvimbe kwa miezi mitatu, na unene ukashuka hadi maikroni 300. Mkeka umenyooka, ila anasema herufi ndogo za Msahafu bado zinatetemeka kidogo.

Upasuaji naupa alama 5 kati ya 5, na ufuatiliaji 2. Ukienda kliniki yoyote, uliza kama wana mashine hiyo ya picha au wanampeleka mgonjwa wapi, na kama mzazi wako ana kisukari, omba retina ichunguzwe kabla ya upasuaji. Akiona vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kama pazia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi yake imeandikwa arudi mwezi ujao.