Axio iliyokuwa ya kukodisha: uzoefu wangu baada ya kuiendesha Mombasa–Kilifi

Ningenunua tena. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa na kila mtu anayejua gari langu lilikotoka. Ila ningenunua kwa sharti lile lile nililoliweka mwanzo: niletewe rekodi za gari kwanza, ndipo niende kulitazama gari lenyewe.

Naishi Bamburi, kazi yangu iko Kilifi, kwa hiyo barabara ya Malindi ndiyo njia yangu kila siku ya kazi. Nilitaka gari dogo lisilokunywa petroli sana, ambalo spea zake zinapatikana kila duka. Nikaamua Toyota Axio ya 2015, yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 na gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Kwenye yadi za Mombasa gari kama hilo lilikuwa likiombwa shilingi milioni 1.5, na wengine hawakutaka hata kusikia habari ya kupunguziana. Kampuni moja ya kukodisha magari, ambayo wateja wake wengi ni wageni wanaoshukia uwanja wa ndege na kituo cha treni ya SGR pale Miritini, ilikuwa ikiuza magari yake ya zamani ili ilete mengine. Walitaka milioni 1.2. Nililipa 1,130,000, na nitaeleza hiyo tofauti ilitoka wapi.

Kitu cha kwanza kinachomfukuza mnunuzi ni kilomita. Dashibodi ilisoma 168,000. Za yadi zilisoma 70,000, 80,000, hata 64,000. Ukiangalia namba tu, unaondoka mbio. Lakini kurudisha mita nyuma ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye kifaa chake, na mwenye yadi hana cha kukuonyesha kuwa 64,000 ile ni ya kweli. Kampuni ya kukodisha inacho, na hapa ndipo ninapowaambia watu wasikimbilie kufungua boneti.

Magari ya kukodisha hapa kwetu karibu yote yana traka, kifaa cha kulifuatilia gari kwa mbali. Mwenye kampuni hawezi kumpa mgeni gari la zaidi ya milioni moja aende nalo Watamu bila kujua liko wapi. Traka hiyo haionyeshi mahali tu. Inahifadhi pia kilomita za kila siku, mwendo, na muda ambao injini iliwaka gari limesimama. Nilimwomba mzee mwenye kampuni anitolee ripoti ya gari hili tangu traka ifungwe. Alisita kidogo, akasema hajawahi kuombwa kitu hicho, kisha akamwita kijana wake wa ofisini akaichapisha. Gari liliingia nchini likiwa na kilomita 61,000, na hati ya ukaguzi wa kule Japani ilisema hivyo hivyo. Traka ilikuwa imehesabu kama 105,000. Jumlisha, unapata 166,000, na zile zilizobaki zilitembewa kabla traka haijafungwa. Hesabu ilikaa sawa. Hakuna yadi ambayo ingenipa uhakika wa namna hiyo.

Ripoti ile ilinionyesha na mengine. Safari nyingi zilikuwa Mombasa–Diani na Mombasa–Malindi. Za Nairobi, ambako ni karibu kilomita 480 kwenda tu, zilikuwa chache. Kulikuwa na siku za mwendo wa zaidi ya 120, lakini si nyingi. Nikachukua rekodi za sevisi nikaziweka ubavuni mwa ripoti. Oili ilikuwa ikibadilishwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi, isipokuwa kipindi kimoja cha Desemba hadi Januari ambapo gari lilikwenda karibu 9,000 bila kumwagwa oili. Msimu wa wageni, gari halilali, na hakuna aliyetaka kulitoa barabarani likafanyiwe sevisi. Nilimwekea mzee ile karatasi mezani, nikamwonyesha tarehe. Hakubisha. Sehemu kubwa ya ile elfu sabini niliyopunguziwa ilitokea hapo.

Baada ya karatasi, ndipo nikamchukua fundi wangu wa Majengo. Nasisitiza uende na fundi wako mwenyewe, si yule utakayependekezewa na muuzaji. Huyu wangu hakuanzia kwenye injini. Aliketi kiti cha dereva, akashika mkanda wa usalama akauvuta taratibu mpaka mwisho wake kabisa, ile sehemu ambayo haitokagi nje. Alikuwa akitafuta alama ya maji au tope. Gari lililozama kwenye mafuriko husafishwa viti, kapeti likabadilishwa, lakini mkanda uliojikunja ndani hakuna anayeukumbuka. Ulikuwa safi. Chini ya kapeti kulikuwa na mchanga mweupe wa Diani, mwingi, umeingia hadi kwenye reli za viti. Huo haukumsumbua. Kilichomsumbua ni walikokuwa wakiegesha hao waliouleta mchanga. Alilala chini akawa anagongagonga mataruma, vile vyuma vya chini vinavyobeba bodi, kwa spana huku akisikiliza, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma kuanzia ndani. Kutu ilikuwepo kwenye bolti na kwenye bomba la ekzosi, lakini bodi ilikuwa nzima.

Halafu akaniita: "Dada, njoo ushike hapa." Nikainama, akanishikisha bushi ya mkono wa mbele wa kulia. Raba ilikuwa imechanika, kidole kinaingia. Za kushoto zilikuwa zinaelekea huko huko. Shokabu za nyuma zilikuwa zinatoa mafuta. Hivi ndivyo gari la kukodisha linavyochoka. Mtu aliyelikodi kwa siku tatu haogopi matuta wala mashimo, na barabara ya Malindi, tangu waanze kuipanua, ina mabadiliko ya njia yanayokutoa kwenye lami ukiwa bado na mwendo. Injini ya Toyota hii huvumilia, ila miguu ya gari ndiyo inayolipa. Kwa hiyo nilitia kwenye hesabu yangu, hata kabla ya kununua, bushi, shokabu za nyuma na tairi mbili. Zote pamoja na ufundi hazikufika elfu themanini.

Kitu nilichokiogopa zaidi ni gia. CVT inataka mafuta yake maalumu, na kuna watu wanaoitilia ATF ya kawaida, mafuta ya gia za otomatiki nyingine, kwa kuwa ni ya bei ya chini, halafu gari linauzwa kabla ugonjwa haujajitokeza. Kwenye risiti za sevisi nilitafuta mstari huo peke yake, nikakuta mafuta sahihi yamenunuliwa. Hata hivyo tulilipeleka gari barabarani likiwa limepoa kabisa, asubuhi, na tukalirudisha likiwa moto, tukapanda nalo daraja la Nyali mwendo wa pole na mwendo wa kasi. Halikutetemeka wakati wa kuondoka, halikuvuma. Kama muuzaji anakuletea gari likiwa tayari limewashwa na kupashwa moto, mwombe mkutane siku nyingine.

Sasa, wapo walioniambia nimechukua gari la mikono mingi. Ndugu yangu mmoja aliniambia hivyo akiwa amesimama kando ya gari lake aliloliagiza kutoka Japani, na anaamini kwamba kabla yake liliendeshwa na bibi mmoja wa Kijapani aendaye sokoni. Inawezekana. Lakini Japani nako kuna magari ya kukodisha, mengi sana, na kampuni za huko huyauza kwenye minada yale yale tunayonunulia sisi. Barabarani huko unayatambua kwa herufi ya namba zao, inayosomwa "wa". Namba hizo huondolewa gari likisafirishwa nje, kwa hiyo likifika bandarini Mombasa hakuna dalili iliyobaki. Mahali pa kulijua hilo ni karatasi ya mnada, ambayo huwa na sehemu ya kueleza gari lilitumika kwa shughuli gani, na mara nyingi wauzaji wetu hawaitoi mpaka uidai. Simlaumu aliyenunua la namna hiyo. Kwa kweli gari la kukodisha la Japani lina jambo jema: ukaguzi wa lazima huanza likiwa na miaka 2 na baada ya hapo ni kila mwaka, wakati gari la mtu binafsi huanza likiwa na miaka 3, kisha kila baada ya 2. Ninachosema ni kwamba anayelikataa gari kwa sababu tu lilikodishwa Mombasa aulize kwanza lake lilifanya kazi gani Nagoya.

Upande wa hati ulichukua muda zaidi ya nilivyotarajia, na ni vizuri mtu ajue. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ilikuwa kwa jina la kampuni. Nilifanya utafutaji wa rekodi NTSA, mamlaka inayosajili magari, ambao ulinigharimu shilingi 550, kuhakikisha kwamba namba ya chasisi na ya injini zinalingana na kwamba hakuna benki yenye haki juu ya gari. Kampuni nyingi za kukodisha hununua magari kwa mkopo, kwa hiyo hili si la kuliruka. Kisha nikaomba CR12 ya kampuni, hati rasmi inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, ili nijue wakurugenzi ni nani, kwa sababu aliyenikaribisha ofisini, hata awe mzee mwenye heshima zake, si lazima awe na mamlaka ya kuuza mali ya kampuni. Walikuwa wakurugenzi wawili, na wote wawili walitia sahihi makubaliano. Sikutoa pesa zote mpaka uhamisho ulipoanzishwa kwenye mtandao wa serikali na mimi nikaukubali kwa akaunti yangu.

Tatizo la kweli lilikuja baada ya hapo, na lilitokana na traka ile ile niliyoisifu. Waliponiuzia gari, fundi wa traka alikuja kuchomoa kifaa chao. Alichukua kisanduku, lakini akaiacha rilei yake ya kuzima injini, ile inayomwezesha mwenye gari kulizima akiwa mbali, imening'inia nyuma ya dashibodi, na waya wake umefungwa kwa tepu tu. Kwa wiki kadhaa gari lilikuwa linazimika ghafla, linakaa kidogo, linawaka tena. Mara moja lilizimika kwenye daraja la Mtwapa nyuma yangu kukiwa na trela, na siku hiyo nilitetemeka mpaka nyumbani. Fundi wa umeme wa magari aliipata baada ya kufungua plastiki zote za chini ya usukani. Aliiondoa, akaunga waya wa asili kwa kuuchomea risasi, na tangu siku hiyo halijazimika tena. Niliirudia kampuni wakanirudishia pesa za fundi, jambo ninalowashukuru, lakini hatari ile haikustahili kuwepo. Kama unanunua gari la namna hii, dai traka iondolewe mbele yako na mbele ya fundi wako wa umeme, na rilei uiweke mkononi kabla hujamaliza malipo.

Jambo jingine ni bima. Gari lilikuwa na bima ya biashara ya kukodisha, ambayo ni ghali kuliko ya binafsi. Nilipokata ya kwangu nilimweleza wakala waziwazi kwamba matumizi yamebadilika, na vyeti vya zamani nikavihifadhi. Vyeti hivyo vina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Hapa kwetu magari mengi yanayokodishwa si ya kampuni; ni ya watu binafsi walioyaweka pale yafanye kazi. Logibuku itaonyesha jina la mwalimu au daktari, muuzaji atakuapia kwamba ni gari la nyumbani, na hakuna rekodi za sevisi hata moja. Waulize wakuonyeshe vyeti vya bima vya miaka iliyopita. Aina ya bima itakuambia gari lilikuwa likifanya kazi gani. Hilo la mtu binafsi lililofichwa ndani ya kampuni ndilo ninalolihofia kuliko yote, kwa sababu limebeba uchovu wa gari la kukodisha bila faili la gari la kukodisha.

Kwa sasa Axio inanipa kama kilomita 15 kwa lita, na foleni ya Mtwapa ikiwemo. Kiyoyozi kinafanya kazi. Kiti cha dereva kimelegea upande wa mlangoni, na milango ya nyuma ina mikwaruzo ya masanduku ya wasafiri ambayo nimeamua kuiacha. Beringi ya gurudumu la nyuma imeanza kuvuma nikipita 80, nayo itabadilishwa mwisho wa mwezi.

Mtu akinipigia leo kuniambia amepata gari la kukodisha, namuuliza kama ana ripoti ya traka na risiti za sevisi. Kama anavyo, na bei iko chini ya yadi kwa robo hivi, namwambia ampeleke fundi. Kama havipo, au mwenye gari anataka bei ya yadi, mimi singelinunua.