Uzoefu wangu na hema jepesi la watu wawili: kilo zimepunguzwa wapi?

Wadau, hili hema nimelilalia vya kutosha sasa, mvua upepo na joto, mimi na mwenzangu ambaye kiumbo sio mdogo, kwa hiyo ninachosema nakijua. Ni lile la tabaka mbili, ndani neti na juu kava ya mvua, fito za alumini, milango miwili, ukiweka kila kitu kwenye mizani inakuja kama kilo moja na nusu. Kampuni sitaitaja maana haya mahema yamefanana sana, utakachokikuta kwenye hili kwenye lingine pia utakikuta.

Kwanza uzito wenyewe. Kwenye lebo huwa kuna namba mbili, ile ndogo ni hema, kava na fito basi, ile kubwa ndo inahesabu na vigingi, kamba na mifuko, na ile ndogo ndo inayoandikwa kwa maandishi makubwa. Sasa niambie nani analala bila vigingi? Ukilinganisha mahema mawili linganisha ile kubwa. Ila kwa kweli kugawana mzigo kunanoga, mwenzangu anabeba vitambaa mimi nabeba fito na vigingi, kila mtu na kama gramu 750 zake, hapo kila mmoja angebeba hema lake la peke yake mngetembea na uzito zaidi.

Haya, "watu wawili". Maana yake watu wawili waliolala, sio watu wawili na mabegi yao. Sakafu upande wa kichwa ni sentimita 130, miguuni inapungua mpaka 110. Godoro la upepo la kawaida lina upana wa sm 51, mawili ni 102, yanaingia vizuri tu. Ukija na yale mapana ya sm 64 hesabu ni 128, kichwani yanaingia kwa kujibana na miguuni yanapandana kabisa, labda yawe yale yanayochongoka kuelekea miguuni. Urefu wameandika sm 215 lakini ukuta umeinama alafu godoro linakunyanyua, kwa hiyo mtu mrefu kidogo tu asubuhi anaamka pua iko kwenye neti. Mabegi yanalala nje kwenye kibaraza chini ya kava, viatu hivyo hivyo.

Kinachonifanya nilipende ni milango miwili. Mlango mmoja unapunguza gramu kadhaa ndiyo, lakini usiku mmoja akitaka kwenda kujisaidia lazima amruke mwenzie, na mvua ikinyesha anarudi anakudondoshea maji usoni, hizo gramu mi wala sizihitaji bana.

Sasa kuna jambo wauzaji wanalipitia haraka haraka. Wanasema linasimama lenyewe. Linasimama nusu! Ufito ni mmoja wenye matawi, upande wa kichwa unashika kona mbili ila miguuni unashika katikati tu, zile kona za miguuni bila vigingi sakafu inajikunja na mnakosa pa kuweka miguu. Kwenye udongo wa kawaida sio shida. Kwenye mwamba inabidi ufunge kamba kwenye mawe makubwa, na kwenye mchanga kigingi kikisimama wima kinachomoka, kifunge kamba katikati, kilaze na ukifukie, hapo kinashika. Kama unalala sana sehemu za mawe tafuta lenye fito mbili zinazopishana, litaongezeka uzito ila utapumzika roho.

Unyevu: watu wengi wanalalamika eti linavuja, kumbe ni pumzi zao. Watu wawili wanapumua usiku kucha, mvuke unapanda unakutana na kava iliyopoa unageuka matone, asubuhi ukipitisha kidole juu kimelowa. Fungua vile vidirisha vya hewa hata kama mvua inanyesha, mlango wa kibaraza uachie kidogo upande usio na upepo, na msilale bondeni kabisa karibu na maji maana ubaridi wote unashukia pale. Ila likivuja kweli angalia mishono kwanza, nailoni yenye silikoni pande zote mbili tepu ya kawaida haishiki, hiyo mishono inapakwa gundi ya silikoni.

Alafu nailoni ikilowa inalegea, usiku kava inashuka mpaka inagusa neti na hapo ndo slipingi begi inaanza kulowa miguuni. Kabla ya kulala kaza kamba tena. Poliesta hailegei hivyo, hilo nawapa wanaoipenda.

Sakafu ni nyembamba, denia 20 tu (denia ni kipimo cha unene wa uzi), mwiba unapita. Sisi tunatanguliza karatasi ya nailoni chini, iwe ndogo kidogo kuliko sakafu, ikichomoza nje inakinga maji ya mvua na kuyaleta chini yenu. Ukifika nyumbani lianike kivulini likauke kabisa ndo ulikunje, ukilihifadhi bichi ule utando wa plastiki uliopakwa kwa ndani kuzuia maji unaoza, unanata na kutoa harufu ya matapishi na hapo hakuna sabuni itakayosaidia.

Na kama wote wawili mna magodoro mapana au mmoja wenu analala akigeuka geuka, chukueni la watu watatu la aina hii hii, mkigawana uzito unaoongezeka kwa kila mtu ni mdogo tu, na ugomvi wa viwiko unaisha.