Zoom darasani: mlango wake unafungika kwa kiasi gani?

Kwa mwalimu wa tuisheni ya mtandaoni kama mimi, anayefundisha kidato cha nne jioni, jambo la kwanza la kuuliza kuhusu Zoom, programu ya mikutano ya video, si ubora wa picha wala bei, bali ni nani anaweza kuingia darasani bila kualikwa na, akishaingia, inachukua muda gani kumtoa. Maoni yangu ni kwamba programu hii ina kinga nyingi na nzuri kuliko zile ambazo walimu wengi huzitumia, ila ile inayotegemewa zaidi, yaani nywila, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Udhaifu huo una historia. Zoom, kampuni iliyoanzishwa na Eric Yuan mwaka 2011, ililenga ofisi, mahali ambapo mhudhuriaji ana barua pepe ya kazi na mkuu anayemfahamu kwa jina. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, washiriki wa mikutano yake kwa siku walipanda kutoka milioni 10 mwezi Desemba 2019 hadi milioni 200 mwezi Machi 2020, na chombo cha ofisi kikajikuta kimebeba madarasa ya watoto. Mwishoni mwa mwezi huo tawi la Boston la FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lilitoa tahadhari baada ya mtu asiyejulikana kuingia katika kipindi cha sekondari moja ya Massachusetts, akatukana, kisha akataja kwa sauti anwani ya nyumbani kwa mwalimu. Mwezi uliofuata Singapore ilisimamisha matumizi yake kwa walimu kwa muda, kwa kuwa wanafunzi walionyeshwa picha chafu katikati ya somo la jiografia, na jiji la New York likaipiga marufuku katika shule zake mwezi huo huo wa Aprili kabla ya kuirudisha Mei. Kampuni haikukaa kimya: ilisitisha kazi ya vipengele vipya kwa siku 90 ili ishughulikie usalama, ikaziwasha nywila na chumba cha kusubiri, ambamo anayefika hungoja mpaka mwendeshaji wa mkutano amruhusu, bila kungoja mtumiaji aziwashe mwenyewe, na ikakusanya kinga za mwendeshaji chini ya kitufe kimoja chenye alama ya ngao.

Hata hivyo, nywila humzuia mtu anayebahatisha namba za mikutano tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton na Chuo Kikuu cha Boston, waliochunguza jinsi uvamizi huu unavyopangwa katika mitandao, waligundua kwamba mara nyingi wavamizi huitwa na mtu aliye ndani, mwanafunzi halali anayetoa kiungo na nywila pamoja, na wakati mwingine hata majina ya wenzake ili wageni wajifanye wao. Kikulacho ki nguoni mwako. Nywila ambayo imekwisha tumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi 60 haina siri iliyobaki ndani yake, na kwa kawaida kiungo chenyewe huibeba, hivyo anayekibofya haulizwi chochote.

Chumba cha kusubiri ni kinga bora zaidi, kwa sharti kwamba mwalimu awajue wanaobisha hodi. Hapa kwetu sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Wanafunzi wangu wengi huingia kwa simu za wazazi, kwa hiyo kwenye orodha ya wanaosubiri naona «Mama Neema», «Baba Junior», «Galaxy A10» na jina la duka la vifaa vya ujenzi. Suluhisho nililolipata ni la kienyeji: kila mmoja huandika jina lake la kwanza pamoja na namba yake ya daftari la mahudhurio, na asiyeandika hivyo hubaki nje mpaka ajirekebishe. Baada ya kuwapokea nazima ruhusa ya kubadilisha majina, vinginevyo mtundu mmoja hujiita kwa jina la mwenzake na lawama humwangukia asiyehusika.

Kinga iliyo imara kuliko hizo ni kuwataka washiriki waingie kwa akaunti zao, au kuwasajili mapema ili kila mmoja apate kiungo chake peke yake. Kiungo kikivuja, unajua kimetoka kwa nani. Nasikitika kwamba usajili ni wa waliolipia, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kujifungulia akaunti binafsi, maana yake darasa la msingi lisilo na akaunti ya shule hurudi kwenye chumba cha kusubiri.

Kuhusu kuufunga mkutano kabisa, sipendekezi kabla ya robo saa ya kwanza kwisha. Mlango ukifungwa, hata mwenye nywila haingii, na mwanafunzi aliyetupwa nje na bando lililokwisha au umeme uliokatika atabaki huko huku akipiga simu ambayo mwalimu hawezi kuipokea. Ruhusa ya kuonyesha skrini na ya kuchora juu ya skrini ya mwalimu, kwa upande mwingine, zizimwe tangu mwanzo bila mjadala.

Kipengele ninachokiona kuwa na thamani kubwa kuliko vyote kiliongezwa Novemba 2020: kwa kitufe kimoja, mwendeshaji husimamisha picha, sauti, gumzo na skrini za wote, akamtoa mvamizi na kumripoti, kisha akarudisha kimoja kimoja. Kabla ya hapo mwalimu alitakiwa kumtafuta mhusika katika orodha ndefu huku watoto wakiendelea kutazama. Kifanyie mazoezi na wenzako wawili kabla hujakihitaji, kwa sababu kwenye simu kitufe hicho kimefichwa ndani ya menyu. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, unaotajwa sana katika matangazo, hauhusiani na tatizo hili. Unamzuia anayesikiliza njiani, si aliyepewa kiungo.

Google Meet, programu ya mikutano ya Google, ikiunganishwa na Google Classroom, jukwaa lake la madarasa, huwapitisha wanafunzi waliosajiliwa na kuwataka wengine waombe ruhusa, nayo ni rahisi zaidi kwa shule ambayo imekwisha wagawia watoto barua pepe. Toleo lake la bure hutoa dakika 60 kwa kikundi, wakati Zoom hukata baada ya 40. Kwa darasa la watu wasiozidi 30 wanaofahamika kwa sauti, Zoom ya bure inatosha. Kwa darasa la 60, kama langu, nalipia, na sababu kubwa ya kulipa ni ule usajili wa kiungo kwa kila mmoja.