TAHADHARI: Hiyo "GPS ya malori" ni GPS ya gari dogo iliyobandikwa picha ya lori

Madereva wenzangu, na nyie wenye magari mnaowanunulia madereva wenu vifaa, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na GPS (kifaa cha kuonyesha njia) ya kioo cha inchi 7 anayodai ni maalumu kwa malori. Jina la duka hubadilika, namba ya simu hubadilika, lakini picha ni zile zile: kifaa kimebanwa kwenye dashibodi ya semitrela, pembeni maandishi mekundu "RAMANI BURE MAISHA". Wameshapigwa wengi. Mmoja wao ninapakia naye mzigo, na kifaa chake nimekaa nacho nikakipekua mpaka ndani, kwa hiyo ninayoyasema si ya kusikia.

Kinachowaponza watu ni kwamba kifaa kinafanya kazi. Kinawaka, kinashika setilaiti, kinakuambia kata kushoto, kata kulia. Ukiingia kwenye mipangilio unakuta kabisa sehemu ya kujaza kimo cha gari, upana, urefu, uzito na mzigo wa kila ekseli. Unajaza, kinakubali, roho inatulia. Kumbe namba hizo haziendi popote.

Tulikijaribu hivi. Tulichagua safari inayopita chini ya daraja tunalolijua vizuri, lina kibao cha mita 3.8. Tukajaza kimo cha mita 2, kikatupa njia. Tukafuta, tukajaza mita 4.2, kikaleta njia ile ile. Basi tukaamua kukipima akili: kimo mita 9, uzito tani 90. Mita 9 hilo si lori tena, hilo ni ghorofa linatembea. Kikatupeleka pale pale chini ya daraja, kilomita zile zile, dakika zile zile, wala hakikutoa hata mlio wa onyo.

Sababu ni hii. Njia ya lori haitoki kwenye menyu, inatoka kwenye data ya ramani. Kila kipande cha barabara kinatakiwa kiwe kimeandikiwa humo ndani nafasi iliyopo chini ya daraja, uzito unaoruhusiwa, wapi mizigo ya hatari hairuhusiwi, wapi trela refu haliwezi kukata kona. Kukusanya taarifa hizo na kuzisasisha ni kazi ya gharama, na ndiyo maana Garmin za dēzl (toleo lao la malori) au TomTom za malori huuzwa ghali kuliko za magari madogo za kampuni hizo hizo. Huyu jamaa amechukua programu iliyovunjwa leseni, yenye menyu ya lori, akaitia ramani ya gari dogo. Hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na daraja halina msamaha. Kule Durham, North Carolina, Marekani, kuna daraja la reli lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8, kama mita 3.56. Limechuna mapaa ya malori miaka na miaka, na video zake zimejaa mtandaoni kwa sababu kuna kamera inayorekodi. Mwaka 2019 walilinyanyua hadi futi 12 na inchi 4, na malori bado yanaligonga. Pale kuna vibao, kuna na kihisi kinachowasha maandishi ya onyo lori likiwa refu kupita kiasi, na bado watu wanapita. Sasa wewe uliyejaza kimo chako na kuamini umelindwa, utakuwa makini na kibao kweli?

Nirudi kwenye kifaa. Nilipotoka kwenye programu ya ramani nikakuta chini yake kuna Windows CE 6.0. Huo ni mfumo wa mwaka 2006, na Microsoft waliacha kuuhudumia mwaka 2018. Kadi ya memori imeandikwa GB 32, lakini ukiijaza, ikifika kama GB 8 mafaili yanayofuata yanaingia yakiwa yameharibika. (Programu za bure za H2testw na F3 zinakuonyesha ukubwa halisi wa kadi. Zipitishe kadi zako zote humo, utashangaa.) Na tarehe kwenye kioo ilikuwa imerudi nyuma karibu miaka 20. Hilo lina maelezo yake: mfumo wa setilaiti za GPS huhesabu wiki hadi 1024 kisha inaanza upya kwenye sifuri, na mara ya mwisho ilianza upya tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa kilichotunzwa na mtengenezaji kilishasahihishwa. Kikikuletea tarehe ya miaka hiyo, jua ndani yake kuna mtambo wa zamani ambao hakuna anayeuangalia, hata kama boksi lina nailoni mpya inayong'aa.

Wizi hauishii kwenye kununua. Baada ya muda mnunuzi anapata ujumbe: "Muda wako wa setilaiti unakwisha, lipia ada ya mwaka kifaa kisizimwe." Mwenzangu alikuwa ameshaanza kutafuta hela. Jamani, hakuna ada ya setilaiti. GPS inaendeshwa na serikali ya Marekani, ilianza kutumika kikamilifu mwaka 1995, na mawimbi yake ni bure kwa kila mtu. Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China nazo mawimbi yao ya kawaida hayalipiwi. Kifaa chako kinapokea tu, hakirushi chochote kwenda juu, kwa hiyo setilaiti haijui hata kama upo. Huyo anayetishia kukuzimia angeanzia wapi? Ada halali zipo, sikatai: kuna programu za simu za malori zinazolipiwa kwa mwezi au mwaka, na kuna huduma za ramani mpya au taarifa za foleni. Ila hizo unalipa kwa kampuni yenyewe, ndani ya programu yake au tovuti yake, si kwa namba ya mtu.

Kuna na kundi la pili, sijui kama ni watu wale wale, linalowavizia hata wenye vifaa halisi. Unaandika mtandaoni kwamba unataka kusasisha ramani, tangazo la juu kabisa linakupeleka kwenye tovuti yenye nembo inayofanana na ya kampuni. Inajifanya kusasisha, inakwama, inatoa namba ya kupiga. "Fundi" anakuomba upakue programu ya kumruhusu aingie kwenye kompyuta yako, kisha anakuonyesha virusi ambavyo havipo na kukutajia bei ya kuviondoa. Anwani ya tovuti andika mwenyewe. Kwa Garmin programu ni Garmin Express, unaichukua kwenye tovuti ya Garmin, na kusasisha ramani hakuhitaji mtu yeyote aingie kwenye kompyuta yako.

Hata hayo maneno "bure maisha" yasikulevye. Kwa kampuni halali, maisha yanayosemwa ni ya kifaa, si yako wewe. Mwanzoni mwa 2018 TomTom walitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyao vya zamani havitapata ramani mpya tena. Kwa hiyo ukinunua kilichotumika, muulize muuzaji namba ya toleo, kisha angalia kwa mtengenezaji kama bado linasasishwa. Omba na namba ya utambulisho wa kifaa (serial number) iliyo nyuma yake. Asiyetaka kuitoa, huenda kifaa ni bandia au kimeng'olewa kwenye gari la mtu.

Lakini kipimo kinachomaliza ubishi ni kile cha kimo. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akupigie simu ya video, ajaze mbele yako kimo kikubwa cha kipuuzi, aweke safari inayopita chini ya daraja unalolijua. Kifaa cha lori cha kweli kitakutafutia njia ya kuzunguka, au kitakuonya, au kitakataa kabisa. Huyu ninayemsema, tulipomwomba hivyo kwa namba nyingine, alijibu "kwanza tuma hela ya kushikia mzigo". Tulipomkazania akatufungia.

Wengine mtasema tutumie Google Maps tu. Kujua foleni, sawa. Lakini haina mahali pa kujaza kimo wala uzito wa lori, kwa hiyo kwa daraja itakufikisha kule kule.

Ambaye ameshanunua, kwanza afute imani na zile namba alizojaza, akitumie kama cha gari dogo au akiweke kando. Mazungumzo, risiti na picha za tangazo msifute. Uliyelipa kwa kadi, wasiliana na benki mapema upinge malipo, kwa sababu maombi hayo yana muda wake. Uliyelipa kwa simu, ripoti namba hiyo kwa kampuni ya simu na polisi. Na ukishaanza kulalamika hadharani, atatokea mtu faraghani akikuambia anaweza kukurudishia hela zako kwa ada ndogo ya kufuatilia. Huyo naye ni mwizi, na mara nyingi namba yako kapewa na yule wa kwanza. Usimjibu kitu.