Matone ya glakoma yasiyo na kihifadhi: uzoefu wangu

Nina glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha ya macho. Kwa miaka mingi nimetia matone ya latanoprost ya chupa kila usiku, na baadaye nikaongezewa matone ya timolol asubuhi na jioni. Presha ya macho ilishuka, hilo silipingi. Ila macho yenyewe yaliteseka: mekundu, yanachoma, kama yamejaa mchanga. Nikishuka matatu River Road, Nairobi, vumbi na moshi vikinipiga, machozi yananitiririka hadi makanga ananiuliza, "Mathe, kuna nini?"

Kliniki moja ilisema ni aleji, ikaniongezea matone mengine, nayo yana kihifadhi kilekile kilichomo kwenye matone yangu ya glakoma. Daktari wangu wa sasa alinitia rangi ya njano jichoni, akanimulika kwa taa ya buluu, kisha akanionyesha picha. Vidoadoa vya kijani vilikuwa vimetapakaa sehemu ya chini ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na kila kidoa ni mahali palipochubuka. Nilisikitika sana kuiona.

Kisa chake ni kihifadhi hicho, benzalkoniamu kloridi, kinachowekwa ili vijidudu visizaliane kwenye chupa iliyofunguliwa. Hufanya kazi kama sabuni: huvunja mafuta yanayozuia machozi kukauka, na huua seli zinazotoa ute. Tone moja halina neno. Mimi nilikuwa napata matatu kwa siku, mwaka nenda mwaka rudi.

"Usithubutu kuacha dawa, mama," aliniambia. "Mshipa wa fahamu wa jicho ukifa, haurudi." Akanibadilishia latanoprost isiyo na kihifadhi, ya vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia mara moja: unasokota kichwa kikatike, unatia tone, unatupa. Timolol pia nikapata ya aina hiyo, pamoja na machozi bandia. Kwa vidole vyenye baridi yabisi, kusokota ni kazi. Siku hizi mjukuu hunifungulia.

Wiki kadhaa baadaye macho yalitulia na presha haikupanda. Kope bado zinarefuka na ngozi ya kuzunguka macho ni nyeusi, maana hayo huletwa na latanoprost yenyewe.

Kinachoniuma ni bei. Vichupa hivi ni ghali kuliko chupa ya kawaida, na kemisti nyingi hapa mjini hazina mpaka uagize. Agiza kabla vya nyumbani havijaisha, na kama macho yanakuchoma, omba upimwe kwa ile rangi ya njano kabla ya kuongezewa tone lingine.