Stingray ya 1959: ukingo uliofichwa na rangi

Watazamaji wangu, karibuni tena. Hiki nilichokishika ni kigari cha kipimo cha 1:18 (gari halisi limepunguzwa mara 18), mfano wa Stingray ya mwaka 1959, lile gari la mbio la Bill Mitchell, msanifu wa General Motors, lililozaa sura ya Corvette za miaka ya sitini, yaani magari ya michezo ya Chevrolet, chapa ya General Motors. Nimekisubiri kwa miezi minne, nimekilipia shilingi 310,000 pamoja na usafiri hadi Dar es Salaam, na kimekaa mezani wiki nzima kabla sijawasha kamera, kwa sababu kuna jambo moja katika umbo lake linalonifurahisha na kunikera kwa pamoja. Habari za injini na nguvu za farasi mnazijua vizuri, kwa hiyo naziruka. Leo nataka tuuangalie ukingo huu.

Naizima taa ya chumbani nibaki na tochi peke yake. Ninaanzia puani, halafu naisogeza tochi polepole kuelekea nyuma. Mnauona mstari unaoanza juu ya mdomo wa gari, ukapita juu ya gurudumu la mbele, ukafuata ubavu wote, ukazunguka mkia na kurudi upande wa pili bila kukatika? Umeligawa gari zima mara mbili, kama sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine: sehemu ya juu inapokea mwanga wote, na ya chini inajikunja kuingia ndani na kubaki gizani. Kisha, ili bodi isionekane bapa mno, madigadi yameumuka juu ya kila gurudumu, yakapanda na kushuka mfano wa mapezi ya taa anapoogelea. Nasema taa yule samaki, maana ndilo jina la gari, na yeyote aliyewahi kufika soko la Feri asubuhi akamwona taa amelazwa mezani, mnene katikati na mwembamba pembeni, ataona jinsi jina hilo lilivyolikaa gari hili.

Ukingo huu una historia. Mwaka 1957 Mitchell alirudi kutoka maonyesho ya magari ya Turin, Italia, akiwa amevutiwa na magari madogo yaliyotengenezwa kuvunja rekodi za kasi, yenye mstari mkali kuzunguka mwili na uvimbe juu ya magurudumu. Aliwapa kazi wachoraji vijana wa General Motors, na mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa Peter Brock, ambaye alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Mradi huo uliitwa Q-Corvette, na haukuwahi kufika kiwandani. Mwaka huohuo makampuni ya magari ya Marekani yalikubaliana kujitoa katika mashindano ya mbio, na Corvette SS, gari la mbio la Chevrolet ambalo mwezi Machi lilikuwa limeshiriki mbio za Sebring, Florida, na kuishia mzunguko wa 23, likawekwa kando.

Mwishoni mwa 1958 Mitchell alichukua nafasi ya Harley Earl kama mkuu wa usanifu wa General Motors, na hapo ndipo alipofanya jambo linalonifanya nimheshimu mpaka leo. Aliichukua chesisi (fremu ya chini) ya majaribio ya ile SS, akaivisha umbo la Brock lililoendelezwa na Larry Shinoda, na gharama za kushindana akazibeba kwa fedha zake mwenyewe, kwa sharti kwamba gari lisiandikwe Chevrolet wala Corvette. Tarehe 18 Aprili 1959 liliingia uwanja wa Marlboro, Maryland, likiendeshwa na Dick Thompson, daktari wa meno kutoka Washington, na likamaliza katika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata lilitwaa ubingwa wa daraja lake katika mashindano ya SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani.

Siwezi kuficha kwamba uzuri huu ulikuwa na gharama. Sogezeni macho hapa kwenye mgongo mkiangalia kwa ubavuni, mtaona kwamba umejikunja kama bawa la ndege. Hewa iliutambua mkunjo huo vilevile, na gari lilipoongeza kasi pua ilianza kuinuka, jambo ambalo hakuna dereva anayelitaka anapoikaribia kona.

Mtazamaji mmoja aliniandikia kwamba Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, ni nzuri kuliko hii. Naipenda Jaguar, lakini imelainishwa kila mahali hadi jicho linateleza kutoka puani hadi mkiani bila kupata pa kushika, wakati hapa jicho lina mstari wa kuufuata. Tutalijadili hilo Alhamisi ijayo, kwa kuwa video zimehama kutoka Jumapili.

Sasa kero yangu. Tazameni mlango wa kushoto kwa karibu. Napitisha ukucha kwenye ukingo, kisha napitisha ukucha uleule kwenye kigari cha Corvette Sting Ray ya 1963, ile ya barabarani iliyorithi sura hii, cha kipimo hikihiki, kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Kwenye ya 1963 ukucha unakwama na mnasikia mlio. Kwenye hii unateleza tu. Mtengenezaji amemwaga rangi ya fedha kwa unene mkubwa hata ukingo umeviringika, na tochi inapofika hapa mlangoni kivuli kinachotakiwa kukatika ghafla kinafifia kidogo kidogo. Ametengeneza vizuri usukani, kioo kifupi cha mbele na nundu iliyo nyuma ya kichwa cha dereva, halafu akafunika kitu ambacho bila hicho gari hili lisingekuwepo.

Mitchell mwenyewe hakuwa na subira na rangi isiyomridhisha. Shinoda alipochora gari la maonyesho la Mako Shark mwaka 1961, bosi wake alitaka bodi ianze na buluu nzito mgongoni na kufifia hadi weupe tumboni, kama papa ambaye yeye Mitchell alimvua Bimini, visiwa vya Bahama, na kumtundika ukutani. Inasimuliwa kwamba mafundi walijaribu mara nyingi na kukataliwa, mpaka usiku mmoja wakampaka papa rangi ili afanane na gari, naye Mitchell akaridhika.

Na kwa kuwa hii ya 1963 ipo mezani, angalieni kioo chake cha nyuma. Mfupa huu uliokigawa kati umetoka moja kwa moja katika wazo la mstari unaopita mgongoni. Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, aliupinga kwa sababu ulimzuia dereva kuona nyuma, Mitchell akaung'ang'ania, na mwaka 1964 ukaondolewa. Kwa usalama Duntov alikuwa sahihi, nakubali. Lakini kati ya kupe (coupe, yaani gari lenye paa gumu) 10,594 za mwaka 1963, zipo ambazo wenyewe walizikata wakaweka kioo kizima, na leo magari yenye mfupa ndiyo yanayotafutwa.

Kwa shilingi 310,000 sikushauri ukinunue kigari hiki. Kikishuka hadi 200,000, kinunue kwa ajili ya chumba cha dereva. Mimi changu nimekwisha kukinunulia msasa laini kabisa na mkebe mdogo wa rangi ya fedha. Ubavu wa kushoto nitaukwangua hadi ukingo urudi, nitaupaka upya kwa tabaka jembamba, na wa kulia nitauacha kama ulivyotoka kiwandani. Alhamisi, kabla ya Jaguar, nitazima taa tena tupitishe tochi pande zote mbili.